Msaada wa haraka: vishikio vya sufuria vya kitambaa cha tabaka, glavu au silikoni? Natakiwa kulipia Ijumaa

Binti Tabata

Habari zenu wapendwa. Naomba ushauri kwa wenye uzoefu wa jikoni. Nataka kununua vishikio vya kushikia sufuria za moto kwa bei ya jumla. Muuzaji amenipa vya aina tatu nichague: vile vya mraba vya kitambaa vyenye tabaka ndani na kitanzi cha kutundikia, glavu ndefu za kitambaa zinazokaribia kiwiko, na vya silikoni vyenye vinundu. Bei hazipishani sana. Anataka malipo ya awali Ijumaa ili aniwekee mzigo. Kipi kinafaa zaidi? Sitaki hela ya mtaji iende kwenye kitu nitakachotupa baada ya mwezi.

Fundi Jinsi

Dada, umeuliza nusu. Unapikia gesi, mkaa, kuni au oveni? Sufuria zako zina masikio au ni zile za alumini zenye ukingo mtupu? Utazishika mwenyewe au una wasaidizi? Na la muhimu kuliko yote: hicho cha mraba ndani kimejazwa nini? Maua ya juu hayana kazi. Kazi iko ndani.

Mama Pacha wa Njiro

Chukua silikoni dada yangu, usihangaike. Mimi naoka keki na mikate kwa oda, na silikoni ndiyo iliyonituliza. Hainywi mafuta, haishiki unga, ukimaliza kazi unaisugua kwa sabuni inakuwa kama ulivyoinunua. Vya kitambaa vikishaingia samli na mchuzi havitoki harufu, na mteja akichungulia jikoni akaona kitambaa cheusi kimening'inia, hiyo oda ujue imeondoka. Silikoni nzuri inavumilia nyuzi 230 hivi, na oveni yangu ya keki siipandishi kupita 180.

Fundi Jinsi

Mama Pacha, nyuzi 230 ni za silikoni yenyewe kutoharibika. Kiganja chako hakijahesabiwa hapo. Silikoni nyembamba haina hewa ndani, kwa hiyo ukiinua trei na kuitua mezani mara moja, sawa. Ukiing'ang'ania, joto linapita.

Mama Pacha wa Njiro

Ndiyo maana ya vile vinundu kaka. Vinaacha nafasi kati ya chombo na mkono. Nimevitumia muda mrefu na mikono yangu iko salama.

Mpishi wa Shughuli (Tanga)

Wanangu, hamjambo. Nimepika pilau za harusi na vyakula vya matanga tangu wengi wenu hamjazaliwa. Sufuria ya kilo ishirini za mchele haiinuliwi kwa kitu cha kutundika ukutani. Tunachukua gunia, tunalikunja mara nne, tunalilowesha kidogo lisishike moto, watu wawili huku wawili kule, tunaipua. Likikosekana gunia, boksi la sabuni linakunjwa na kazi inaendelea. Binti okoa hela yako, nunua mchele.

Leso ya Pwani (Kisauni)

Shikamoo mzee. Gunia na maboksi nakubaliana nawe, lakini hilo la kulowesha ndilo linalochoma watu. Kitambaa kibichi kwenye chombo cha moto ni mvuke, na mvuke hukufuata mpaka ndani ya kiganja kabla hujapata pa kutua sufuria.

Mpishi wa Shughuli (Tanga)

Marahaba mwanangu. Sisi tumelowesha miaka yote. Ukiwa mwepesi wa mkono huungui.

Kaka wa Kiwandani

Mzee, shikamoo. Niruhusu nieleze maana hili nalifundisha kazini kila tukipokea vijana wapya. Kitambaa kinakukinga kwa sababu ya hewa iliyonaswa kati ya nyuzi zake. Hewa iliyotulia inapitisha joto taratibu sana. Maji yanapitisha joto zaidi ya mara ishirini kuliko hewa. Ukilowesha, unaifukuza hewa na kuweka maji mahali pake. Sekunde chache za kwanza unaona nafuu kwa sababu maji yanachukua joto yakipanda kuelekea nyuzi 100, na hapo ndipo mzee anapopata ushahidi wake. Yakishafika, yanageuka mvuke na mvuke huo unakwenda palipo wazi, yaani kwenye ngozi. Mwepesi wa mkono anawahi kutua kabla ya hapo. Sufuria ikikwama, au mwenzako akisema "subiri kidogo", umekwisha.

Kwa hiyo kishikio chochote cha kitambaa, cha mraba au glavu, kiwe kikavu kabisa. Jikoni kwa mama ntilie tambara la kufutia meza ndilo hilohilo la kuipulia. Hapo ndipo watu wengi wanapoungulia.

Mpishi wa Shughuli (Tanga)

Umeeleza vizuri kijana. Ila gunia kavu kwenye kuni linashika moto, na mimi nimeliona likishika. Unachagua kuungua au kuwaka?

Kaka wa Kiwandani

Hapo mzee unahitaji kitu kisichoshika moto kirahisi na ambacho hakina haja ya maji. Sufu ya kondoo, ikiwa sufu kweli, haiwaki ovyo, na moto ukiondoka inazima yenyewe. Au zile glavu za viwandani za aramidi, ambazo watu wengi wanazijua kwa majina ya Nomex na Kevlar. Ukinunua glavu za namna hiyo angalia alama ya EN 407, kiwango cha Ulaya cha glavu za kukinga joto. Chini ya mchoro wa alama hiyo kuna tarakimu sita, na ya pili ndiyo inayohusu kugusa kitu cha moto. Ikiwa 1, imepimwa kwa nyuzi 100. Ikiwa 2, nyuzi 250. 3 ni 350, na 4 ni 500. Kila ngazi mkono unatakiwa ukingwe kwa sekunde 15 angalau. Kwa jiko la gesi la kawaida 2 inatosha.

Binti Tabata

Samahanini nilibanwa na kazi. Asanteni sana, na mzee shikamoo. Nieleze vizuri: napika chakula cha mchana cha maofisini, Jumatatu mpaka Ijumaa. Jiko ni la gesi la pleti mbili. Sufuria ni za alumini za kawaida, zenye ukingo, hazina masikio. Nina wasaidizi wawili. Jumamosi tukipata shughuli tunapikia kuni nje. Kuhusu kilichojazwa ndani, sikumuuliza muuzaji. Nimembonyeza kwa kidole kikawa laini, kinarudi.

Fundi Jinsi

Laini na kinarudi! Hiyo nahisi ni sponji au ile pamba nyeupe ya mito, ambayo si pamba, ni poliesta. Muulize kabla ya Ijumaa. Na mchana mnapika nini hasa?

Binti Tabata

Wali, ugali, maharage, mchicha, samaki wa kukaanga, nyama ya kuchemsha. Ugali ndio unaotoka zaidi.

Fundi Jinsi

Hapo sasa umesema. Ugali ndio wa kuchagulia kishikio, dada. Kuipua sufuria ya wali ni kitendo cha mara moja: unashika, unainua, unatua. Ugali wa watu wengi mkono wa kulia unasonga na wa kushoto umeshika ukingo wa sufuria isizunguke, na huwezi kuachia mpaka uive. Hapo kinachokuunguza ni muda. Ukingo hauna joto la kutisha, lakini umeushika dakika nzima nzima, joto linapenya polepole mpaka unaanza kubadilisha vidole. Hakuna silikoni nyembamba itakayokusaidia kwenye ugali, na glavu ndefu itakuzuia kubana ukingo vizuri kwa kidole gumba. Kishikio cha mraba, tabaka nene, kinachokunjika katikati kikaubana ukingo juu na chini, ndicho chako.

Ushauri wangu wa kweli ni ushone. Suruali ya jinsi iliyozeeka ya pamba tupu, nje tabaka moja kila upande. Ndani weka taulo la zamani la pamba, tabaka mbili au tatu. Ukipata kipande cha blanketi la sufu halisi, kiweke katikati. Mraba wa sentimita 20 hivi kwa mkono wa mwanamke, 23 kwa sufuria kubwa. Fua vyote kwanza ili pamba irudi kabla ya kushona, la sivyo kitakunjamana mara ya kwanza kufuliwa. Mistari ya kushikilia tabaka iwe michache, ya mshazari, iachane kama vidole vitatu. Kila mstari wa cherehani unabana tabaka na kuifukuza hewa anayoisema kaka hapo juu. Nimeona vishikio vilivyodariziwa vizuri mno, mistari imesongamana, vinapendeza na vinapitisha moto. Sindano namba 16, uzi wa pamba, pembeni zungushia utepe. Kitanzi weka kwenye kona.

Binti Unguja

Jamani mbona hakuna anayetaja koleo? Kwetu sufuria ya chai na ya mchuzi inaipuliwa kwa koleo la kubana ukingo. Hakuna kitambaa cha kufua, hakuna kitu cha kushika moto. Wallahi mie sijanunua kishikio cha nguo tangu niolewe.

Fundi Jinsi

Bibie, koleo kwa sufuria ndogo sawa. Sufuria ya ugali wa maofisini ikibanwa koleo upande mmoja ukingo wa alumini unapinda, na ukipinda leo kesho linateleza.

Binti Unguja

Kwani nani amesema koleo moja? Mawili, kila mkono lake.

Leso ya Pwani (Kisauni)

Nataka kusema kitu kuhusu hizo glavu ndefu, kwa sababu naona dada anaziangalia na hakuna aliyemwonya. Nitaandika kirefu mnivumilie.

Mimi hupika mahamri na viazi karai vya kuuza, asubuhi na jioni. Nilinunua glavu mbili ndefu kwenye duka moja mjini, duka kubwa tu, si la barabarani. Zilikuwa nzito, nje zina maua, ndani kitambaa cheupe laini ambacho mkono ukiingia unahisi raha. Karatasi iliyoning'inia imeandikwa "pamba 100". Nikafurahi. Nikazitumia kwa sufuria za chai na wali, zikafanya kazi vizuri, nikaziamini.

Siku hiyo karai lilikuwa kwenye jiko la makaa, mafuta yamechemka ya kuchomea, na makaa yalikuwa yamewaka mpaka juu kwa sababu upepo wa bahari ulikuwa unavuma. Niliona mafuta yanaanza kutoa moshi, nikataka kuliondoa karai haraka nilitue kwenye mchanga. Nikavaa glavu, nikashika masikio mawili ya karai. Yale masikio yalikuwa yamelambwa na moto wa pembeni. Hatua ya kwanza sawa. Ya pili nikasikia kiganja kinachomwa ghafla, tena si joto linalopanda polepole mkapeana nafasi, ni kama mtu amekubandika kitu. Mtoto wa dadangu alikuwa amesimama hapo karibu na mlango. Kuliachia karai lenye mafuta mbele ya mtoto siwezi. Nikalishika mpaka nikalitua chini kwenye mchanga, nikaanza kuvua glavu.

Ya kulia haikutoka. Ile nguo nyeupe ya ndani ilikuwa imeyeyuka, imeshikamana na ngozi ya kiganja na vidole viwili. Nilipoivuta ikaja na ngozi. Nilikaa wiki nyingi nikikanda unga kwa mkono wa kushoto, na mahamri ya mkono mmoja hayafumki, wateja walijua wenyewe.

Nilirudi dukani na ile glavu. Wakaniambia hizo ni za oveni, hawakusema ni za makaa. Nikawauliza na hii "pamba 100"? Wakasema pamba ni ile ya nje. Yaani nje pamba, ndani poliesta, na karatasi inataja ya nje peke yake. Hela hawakurudisha.

Kwa hivyo dada, usiangalie nje. Geuza glavu, ukate uzi wa ndani, uuchome. Na glavu yoyote ya kuvaa ina hatari ambayo kishikio cha mraba hakina: cha mraba kikikuzidi unakiachia, kinaanguka chenyewe. Glavu lazima uivue, na mkono uliokwisha kuungua ndio wa kuivulia nyingine.

Mama Pacha wa Njiro

Pole sana dada. Maskini.

Binti Tabata

Pole mno dada yangu. Hii imenitisha. Huo uzi unachomwaje, unajuaje ni nini?

Fundi Jinsi

Pole dada wa Kisauni. Binti Tabata, chomoa nyuzi chache kwa kila tabaka, zishike kwa kibano cha nyusi, uzisogeze kwenye kiberiti juu ya sahani ya udongo. Pamba inawaka kwa haraka, inanuka karatasi iliyoungua, inaacha jivu jepesi la kijivu ambalo ukilifikicha linapotea. Sufu inanuka nywele zilizoungua na inajizima. Poliesta inajikunja, inadondoka, inanuka plastiki, na ikipoa inabaki kishanga kigumu cheusi kisichovunjika kwa vidole. Ukiona kishanga, hicho kitu kisikaribie mkono wako na moto. Poliesta inayeyuka kwenye nyuzi 250 na kitu, na sikio la karai juu ya makaa linafika huko bila shida.

Na ujue vitenge vingi vinavyouzwa sasa ni poliesta, hata vile vinavyong'aa vizuri. Mablanketi pia: mengi ni poliesta au akriliki, na akriliki inawaka vibaya. Usije ukaenda kukata blanketi lolote ukajiaminisha ni sufu.

Jambo lingine, msijaze sufi ya mti kwa sababu ni ya bure na nyepesi. Sufi ni nzuri kwa mito. Karibu na moto inalipuka kwa kasi.

Muuguzi Dodoma

Napita tu lakini siwezi kunyamaza. Dada wa Kisauni pole, na kwa wengine: nguo iliyoyeyuka ikashikamana na ngozi, msiivute. Zungusheni mkasi mkate ile iliyo huru, iliyoshika iacheni hospitali waitoe. Sehemu iliyoungua iwekeni chini ya maji yanayotiririka, ya kawaida, dakika 20. Barafu usiweke. Vueni pete na bangili mapema kabla mkono haujavimba. Dawa ya meno, yai, unga, siagi, mafuta ya taa, vyote hivyo vinaziba joto ndani na kuleta uchafu kwenye kidonda. Kila wiki tunasafisha dawa ya meno kwenye vidonda vya watu, na mgonjwa anaumia mara mbili. Kiganja kikiwa kimetoa malengelenge nenda kituoni siku hiyohiyo, kwa sababu vidole vikipona vibaya havinyooki tena.

Leso ya Pwani (Kisauni)

Asante muuguzi. Laiti hilo la kutovuta lingeandikwa kwenye ile karatasi ya glavu.

Mpishi wa Shughuli (Tanga)

Pole mwanangu. Haya yote yanaletwa na makaa na haraka. Kuni ukizipanga vizuri moto unakaa chini ya sufuria, hauji kulamba masikio.

Kaka wa Kiwandani

Mzee, kuni ndizo zinazopandisha moto pembeni kuliko kitu kingine. Moto wa kuni una ulimi mrefu. Gesi unaipunguza kwa kitufe.

Mpishi wa Shughuli (Tanga)

Pilau ya gesi si pilau.

Binti Unguja

Hapo mzee tuko pamoja. Pilau inapaliwa makaa juu ya kifuniko. Gesi utapalia nini?

Kaka wa Kiwandani

Lakini mnajua serikali ilishazitaka taasisi zinazopikia watu zaidi ya 100 kwa siku ziachane na kuni na mkaa, mwisho ulikuwa Januari 31, 2024. Shule, magereza, kambi. Wapishi wa shughuli nao watafikiwa. Na kwa mapafu ya mpishi ni jambo jema, moshi wa kuni kwenye banda lililofungwa unaua watu polepole.

Mpishi wa Shughuli (Tanga)

Mimi napikia uwanjani chini ya mwembe, moshi unakwenda zake. Hayo ya shule ni sawa kabisa, mama zetu wa shuleni wameteseka mno na kuni mbichi, macho yamekuwa mekundu. Lakini shughuli ni siku moja. Na mtungi wa gesi wa kupikia pilau ya ukoo mzima unaubeba nani mpaka Pangani?

Mama Pacha wa Njiro

Mimi nilidhani tunaongelea vishikio.

Fundi Jinsi

Ndiyo, turudi. Binti Tabata upo? Ulimuuliza muuzaji?

Binti Tabata

Nipo. Nilimuuliza, akasema "ni pamba dada, zote pamba". Nikamwomba sampuli, akanipa kimoja cha mraba na glavu moja, silikoni amekataa mpaka nilipie. Nimechoma nyuzi usiku huu kama fundi alivyoelekeza, dirisha likiwa wazi. Cha mraba: kitambaa cha juu ni pamba kweli, jivu jepesi. Cha ndani kimeacha kishanga cheusi kigumu. Katikati kuna karatasi nyembamba inayong'aa kama fedha, hiyo haikuwaka. Glavu: nje ilikuwa na jivu na kishanga pamoja, nadhani imechanganywa. Ndani kishanga kitupu.

Leso ya Pwani (Kisauni)

Hiyo glavu mrudishie kesho asubuhi.

Kaka wa Kiwandani

Hiyo inayong'aa kazi yake ni kurudisha joto linalokuja kwa mbali, kama la mdomo wa oveni au makaa. Chombo kikigusana na kitambaa moja kwa moja inasaidia kidogo sana, lazima kuwe na unene wa kitu chenye hewa. Wakikuuzia kwa sifa ya "ina karatasi ya fedha" usilipe zaidi kwa hilo. Na vyenye karatasi hiyo usiviweke ndani ya maikrowevu.

Mama Pacha wa Njiro

Basi imebaki silikoni, nimesema tangu mwanzo. Unaponunua ibane na kuivuta: ikitokea weupe pale ulipovuta, huenda imechanganywa na kitu kingine, ingawa kipimo hicho si cha uhakika.

Fundi Jinsi

Kwa keki ndiyo, mama. Kwa ugali hapana, na ugali ndio unaomlisha dada.

Mama Pacha wa Njiro

Si kuna zile za silikoni nje na pamba ndani? Mbona hamzitaji? Hizo ni nene, na maji hayaingii hata meza ikiwa na majimaji. Hilo la kitambaa kulowa, ambalo mmelipigia kelele hapa ukurasa mzima, lingekuwa limekwisha.

Kaka wa Kiwandani

Hoja hiyo nzuri, kwa kweli. Ya namna hiyo ningeikubali, mradi tabaka la ndani lichomwe nyuzi kwanza.

Fundi Jinsi

Nakubali nusu. Kwa kutua sufuria mezani na kuinua mifuniko, sawa. Kubana ukingo mwembamba wa alumini kwa silikoni nene, vidole vinachoka.

Binti Tabata

Nimefikiria hivi, mniambie kama naenda vibaya. Nisilipie mzigo wote Ijumaa. Nikatafute suruali za jinsi na mataulo Karume, kwenye mitumba, nishonewe vya mraba kwa ajili ya ugali na kuipua. Kwa Jumamosi za kuni nitafute jozi moja ya glavu za aramidi, hizo zenye alama ya EN 407, avae mmoja tu anayeinua. Ila nina swali: wasaidizi wangu wamezoea kushikia ncha ya kanga waliyojifunga. Nimewakataza wakacheka.

Leso ya Pwani (Kisauni)

Usicheke nao katika hilo. Leso uliyojifunga ukiishikia sufuria, ncha nyingine inaning'inia juu ya moto na umeshika sufuria kwa mikono miwili. Ikishika moto umefungwa nayo kiunoni. Wape aprini, na kishikio kila mmoja chake, kitundikwe mbele ya macho yake, pembeni ya jiko na si juu yake. Mtu akishika ncha ya leso ni kwa sababu kishikio kiko mbali.

Muuguzi Dodoma

Naunga mkono kwa nguvu zote. Nguo zilizoshika moto ndizo zinazotuletea majeraha makubwa zaidi kutoka jikoni.

Binti Unguja

Na koleo moja la sufuria ya chai, ongeza.

Fundi Jinsi

Mpango wako mzuri dada. Ukiwa Karume, ingiza mkono ndani ya suruali usome kile kipande cha kitambaa kilichoshonwa kiunoni au pembeni. Jinsi nyingi za kisasa, hasa za kike, zimechanganywa na nyuzi za kuvutika na poliesta. Ivute: ikirefuka kama soksi, iache. Tafuta zile za kazi za kiume, nzito, ngumu, zisizovutika. Hata zikiwa zimechanika magoti, miguu ya nyuma inakupa vipande vya kutosha.

Msomaji wa Kigoma

Wakuu samahani naingilia. Mimi ninao mtungi wa sufu nene ya koti la zamani la baridi, la mzee, uzi nimeuchoma unanuka nywele. Lakini bitana yake inang'aa. Niifumue bitana au nishone hivyohivyo?

Fundi Jinsi

Mtungi au mtumba? Fumua bitana yote, ndugu, hata ile iliyo ndani ya mifuko. Bitana za makoti karibu zote ni poliesta au nailoni.

Msomaji wa Kigoma

Mtumba, simu imeandika yenyewe. Asante. Nikilifua kwa maji ya moto litarudi?

Fundi Jinsi

Litarudi sana, litakuwa nene na zito zaidi, na kwa kazi hii ndivyo tunavyotaka. Lifue hivyo kwanza, likauke, ndipo ukate.

Mpishi wa Shughuli (Tanga)

Fundi, ukishona vya sufuria ya kilo ishirini, vya mikono miwili, unaweza kunitumia Tanga kwa basi? Vinne. Vikavu, kama mlivyosema. Tutavijaribu harusi ya mwezi ujao nikuletee majibu hapa.

Fundi Jinsi

Naweza mzee, ila nipe kipimo cha ukingo, unene wake na kama umekunjwa nje. Usipime kwa shubiri, tafuta futi.

Binti Tabata

Na mimi fundi, kabla sijaenda Karume, ukishona bei inakuwaje kwa kumi?